Jina Lililonyamazisha Sikio

Siku niliyopigiwa simu kwamba Mama Sikitu wa Chimala amefariki, sikio langu la kushoto lilikuwa linalia tangu asubuhi. Sisemi kwamba lilijua. Nasema tu kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa na harusi kwa jirani, hapa hapa mtaani kwetu Mbeya, na spika zao mbili walizielekeza dirishani kwangu kana kwamba bibi harusi ni mimi. Sikulala, na nisipolala sikio hulia. Ndivyo lilivyo. Nimeishi nalo karibu miaka arobaini na tunafahamiana kama wake wenza: hatupendani, lakini kila mmoja anajua mwenzake amekaa chumba gani. Simu ilipokatika nikakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, na mlio ukapanda zaidi, maana jina la Mama Sikitu halijawahi kunijia peke yake. Linakuja na jina la Semeni, na jina la Semeni linakuja na aibu.

Nilikwenda kuzika. Msibani, tumekaa kwenye mkeka na vikombe vya chai ya rangi, nilizunguka zunguka na maneno kama mtu anayetafuta choo ugenini, mpaka nikamuuliza Sikitu mwenyewe, binti wa marehemu, kama Semeni amepewa taarifa. Akasema ndiyo, yuko kwao Ilula, anauza nyanya barabarani, lakini kusafiri hawezi tena kwa raha. Kisha akaongeza, huku anapanga vikombe, kwamba hata simu alipigiwa mwanawe, kwa sababu yeye masikio yamechoka, ukimpigia mnagombana tu. Alisema hivyo kama mtu anavyosema bei ya sukari imepanda. Mimi chai ikanishinda.

Mwaka ninaoueleza nilikuwa na miaka ishirini. Nilifikaje Chimala, na kwa nini sikubaki nyumbani Tukuyu, ni habari nyingine na haina utamu. Nilifika wakati wa mavuno ya mpunga, nikapata kazi mashineni, na Mama Sikitu akanipa nusu ya kitanda. Nusu nyingine ilikuwa ya Semeni. Chumba chenyewe kilikuwa cha uani, matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu, mabati juu bila dari, na kamba moja ya kutundikia nguo ambayo upande wake mmoja ulikuwa umelegea, kwa hiyo nguo zote ziliteleza na kukusanyika kwa Semeni. Kila asubuhi alinirudishia zangu, moja moja, bila kusema kitu. Alikuwa amenizidi miaka miwili, mrefu, mpole wa kuudhi, Mhehe anayesema taratibu kama anayehesabu maneno asije akazidisha. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilikuwa hivyo, niko hivyo, na watoto niliowafundisha darasani miaka yote ile watakwambia. Nikifoka, Semeni husubiri nimalize, halafu huniuliza kama nimekula. Jioni tulipika wali wa chenga, ule mchele uliovunjika ambao wenye mashine walituachia, na kambale wa kukausha. Miiba alinichambulia yeye, maana nilikuwa na papara, na mara mbili nilikwamwa na mwiba kooni mpaka Mama Sikitu akanimezesha tonge kavu la ugali. Semeni alinitania kwamba sisi Wanyakyusa bila ndizi hatujui mdomo uko wapi. Jina lake alinieleza siku za mwanzo kabisa. Mama yake alipokuwa na mimba yake kijiji kizima kilimsengenya, na alipojifungua akasema mtoto ataitwa Semeni. Yaani semeni mchoke.

Mashineni kazi yangu ilikuwa ndani. Nilisimama juu ya gunia lililojazwa pumba na kumimina mpunga kwenye lile bakuli kubwa la bati juu ya mashine, ndoo kwa ndoo, tangu saa moja asubuhi hadi jua kuzama. Injini ya dizeli ilikuwa nyuma yangu upande wa kushoto, karibu kiasi kwamba joto lake lilinikausha jasho. Kelele ile siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hakuwahi kusimama pale. Unaisikia kifuani na kwenye meno kabla ya masikioni. Tulizungumza kwa mikono: kidole kimoja juu ni mimina, kiganja ni ngoja, kupiga paja ni mkanda unateleza. Semeni alikuwa nje, chini ya kibanda, anapepeta na kushona magunia kwa sindano ndefu na kamba ya katani. Nafasi ya ndani ilikuwa na heshima yake. Mtu wa kwenye mashine ndiye anayejulikana na wateja, ndiye anayebembelezwa aanze na mzigo wa fulani, na mimi heshima nilikuwa naipenda. Jambo moja tulilofanana sote, wa ndani na wa nje, ni kwamba hatukuweza kunong'ona. Tulirudi nyumbani tunaongea kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Mama Sikitu alikuwa akisema wapangaji wake hawana siri, kwa sababu siri zao zinasikika hadi barabara kuu.

Mlio ulianza katikati ya msimu, malori yalipokuwa yanapanga foleni na Bosi, mwenye mashine, akaongeza saa za kazi. Usiku wa kwanza nilidhani ni mbu. Niliwasha kibatari nikamtafuta, nikapiga ukuta, nikampiga na Semeni begani, mbu hakuonekana. Usiku wa pili nikatambua kwamba mbu huyo yuko ndani ya kichwa changu, kushoto, na hatui. Mchana sikumsikia kwa sababu ya injini. Injini ikizimwa tu, naye huyo. Ilikuwa sauti nyembamba, isiyo na pumzi, kama redio iliyokosa stesheni. Baada ya wiki tatu nikaanza kuogopa kulala, maana kitandani ndiko kulikokuwa na ukimya, na ukimya ndio uliokuwa chakula chake. Nikamweleza Semeni. Akanitazama muda mrefu, akaniuliza ni sikio lipi, nikamwonyesha, akanyamaza. Mwezi wa pili ulipoisha nikamweleza na Mama Sikitu. Yeye hakunyamaza.

Kwetu sote, awe Mnyakyusa, Msangu au Mhehe, jambo hilo lina maelezo yake na halihitaji hospitali: sikio likilia, unasemwa. La kulia unasemwa kwa mema, la kushoto kwa mabaya. Mama Sikitu alisema hajapata kuona sikio linalolia miezi miwili mfululizo, kwa hiyo anayenisema hana kazi nyingine. Alinitilia mafuta ya alizeti ya vuguvugu na kuziba kwa pamba, na mlio, ulipofungiwa humo ndani, ukawa mkubwa zaidi. Akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nimchunguze vizuri mtu aliye karibu. Kisha akanifundisha dawa ya bibi yake. Unakaa peke yako, unataja majina ya watu mmoja mmoja, polepole. Jina litakalolinyamazisha sikio, huyo ndiye.

Nicheke leo? Nacheka. Siku ile sikucheka. Nilikuwa sijalala sawasawa tangu sijui lini, na mtu aliyechoka namna ile ukimpa kamba atajifunga mwenyewe. Ilikuwa jioni, Semeni ameenda kisimani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikaanza. Nikamtaja Bosi, likaendelea. Nikamtaja mke wa Bosi, ambaye nilikuwa na hakika naye, likaendelea. Nikamtaja kijana mmoja wa Chunya, mchimba dhahabu, ambaye nilikuwa nimemkatalia posa mbele ya shangazi zake. Likaendelea. Nikawataja waimbaji wenzangu wa kwaya ya kanisani, sauti ya kwanza wote na ya pili baadhi. Nikachoka. Mwisho, kwa mzaha tu, maana majina yalikuwa yameniishia, nikasema: Semeni. Hapo hapo mvua ya kwanza ya mwaka, ambayo hakuna aliyekuwa anaitegemea siku hiyo, ikaanguka kwa kishindo juu ya mabati. Sikio likanyamaza. Likanyamaza kabisa, kwa mara ya kwanza tangu katikati ya msimu. Nilikaa pale huku machozi yananitoka, nusu kwa raha ya ule ukimya na nusu kwa uchungu wa jina. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Semeni akaingia amelowa, ndoo kichwani, akanikuta nalia na akauliza kama nimekula.

Sikumwambia kitu. Mtu mwenye hasira za karibu akianza kuficha hasira ujue mambo yameharibika. Nikaanza kumsikiliza. Nikaanza kupima kila neno lake, nani ameongea naye, kwa nini amecheka nilipopita. Kadiri nilivyosikiliza, ndivyo mlio ulivyopanda, na kadiri ulivyopanda, ndivyo nilivyosadiki. Halafu siku moja, nikipita nyuma ya nyumba ya Bosi kurudisha funguo, nilimsikia anamwambia mke wake jikoni, "Semeni amenieleza habari za yule binti, nami naona ni kweli." Nilisimama hapo na funguo mkononi. Kesho yake asubuhi Bosi akaniita mbele ya wateja, akaniambia nitoke ndani, nikae nje nishone magunia, na Semeni aingie kwenye mashine. Hakutoa sababu, na mimi sikuuliza. Sababu nilikuwa nayo.

Tulikula mchana nyuma ya mashine, wanawake sita, sinia moja, injini imezimwa ipoe. Ulikuwa wali na maharage, nakumbuka maharage hayakuiva. Semeni alikaa upande wangu wa kushoto kama kawaida yake. Nikasimama. Sauti yangu, kama nilivyosema, haikuwa ya kunong'ona, na waliokuwa na mizigo yao kule mbele wote walisikia.

"Jina lako limekufaa," nikamwambia. "Ulizaliwa kusema watu."

Akaweka tonge lake chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema, kwa ule utaratibu wake, "Nimekusema, Atu, kweli. Nilikwenda kwa Bosi..."

Nilikuwa na pamba kwenye sikio la kushoto. Ningeweza kugeuka. Badala yake nilimpa lile sikio bovu, nikatazama upande mwingine, na yaliyobaki ya sentensi yake yakaishia kwenye pamba. Alikuwa amekiri, mimi nilitaka nini zaidi? Jioni ile nilikusanya nguo zangu kwenye kamba, siku hiyo hazikuwa zimeteleza, nikahamia kwa mama mmoja wa kwaya mwenye nyumba ya nyasi nje kidogo ya mji. Wenzangu walinisifu kwa kuwa na msimamo. Ukifanya jambo la kijinga kwa sauti kubwa, hukosi wa kukusifu.

Nilidhani adui akishajulikana sikio litatulia. Likawa mara mbili. Sasa sikuwa karibu na injini, nilikuwa nje nashona magunia, na bado nikilala kwenye ile nyumba ya nyasi lilikuwa linapiga mpaka nikahisi linasikika kwa mwenye nyumba. Mvua zilinyesha, lakini juu ya nyasi mvua haina sauti. Nilikonda. Nilifoka hata kwa kuku. Kwaya niliiacha, maana mwalimu akitoa sauti, mimi nilikuwa nasikia yangu. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, yule mama wa kwaya, ambaye hakuwa na subira na mambo ya kusemwa, alinipandisha basi kwenda Mbeya hospitali, akanipa na viazi vya kuchemsha njiani, akaniambia nisirudi bila cheti.

Daktari alikuwa mzee mfupi, koti lake limepauka mifukoni. Alinichungulia masikio, akatoa sindano kubwa, si ya dawa, ya kupigia maji, akanisafisha mafuta yote ya alizeti na nyuzi za pamba, akaguna. Kisha akapiga gotini pake kichuma chenye meno mawili, kikavuma, akakisogeza huku na huku, akiniuliza nasikia wapi zaidi. Akaniuliza kazi. Nikamwambia mashine ya mpunga. Akasema hapo ndipo penyewe, wagonjwa wake wengi wanatoka mashineni na kwenye misumeno ya mbao, na macho yana kope lakini sikio halina mlango, kila kinachopita kinaingia. Kelele ikizidi siku baada ya siku inaumiza kule ndani kabisa, na sikio lililoumia hujilialia lenyewe. Nikamwambia lakini nilishatoka kwenye kelele na limezidi. Akaniuliza nilipotoka kulitokea nini. Nikamwambia nimegombana na mtu. Akatikisa kichwa kama fundi aliyepata tundu la pancha. Alisema wasiwasi hauleti mlio kutoka hewani, ila unaupandisha. Mtu mwenye hofu mwili wake unakaa macho, haulali, unasikiliza kila kitu, na sikio nalo linakaa macho linajisikiliza. Mtu hulala vibaya, akilala vibaya mlio hupanda, ukipanda huogopa zaidi. Ni gurudumu.

Mbeya kwa mvua mnaijua. Alikuwa bado anaeleza, ikashuka juu ya mabati ya hospitali, kubwa, mpaka akanyamaza kusubiri. Nami nikainua mkono kushika sikio.

"Limenyamaza," nikamwambia.

Ilibidi apaze sauti. "Halijanyamaza. Limefunikwa na mvua. Ikikatika utalikuta pale pale."

Tukakaa tunatazamana, mimi na yeye, kama watu wanaosubiri basi. Mvua ikapungua, ikawa matone, ikakatika. Na lenyewe likarudi, jembamba, kushoto, bila haraka, kama mtu aliyekuwa nyuma ya pazia. Akili haikuwa kwenye aliyoyasema baada ya hapo, ingawa niliyashika na nimeyafuata maisha yangu yote: nisikae penye kelele, na nikilazimika nivae vifuniko vya maana, si pamba ya godoro; nisitie mafuta wala kitunguu; nisilale kwenye ukimya mtupu, niache redio kwa chini; nisilitafute, kwa sababu ukilitafuta utalipata; halitaisha, lakini litapungua mpaka nisahau. Nilikuwa namwitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, na kichwani nilikuwa kwenye kile kitanda cha uani, ndoo iko kisimani, jina liko mdomoni, na mvua inaanguka juu ya mabati. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la korido nikalia mbele za watu. Mama mmoja akanipa pole, akidhani nimefiwa.

Nilirudi Chimala siku ile ile, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Sikitu. Kile chumba kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimeinuliwa ukutani. Semeni alikuwa ameondoka wiki iliyotangulia, msimu umeisha, amerudi kwao. Mama Sikitu hakunikaribisha kiti. Akanieleza akiwa anachambua mchele, bila kuniangalia, yale ambayo mke wa Bosi alikuwa amemsimulia kanisani: kwamba Semeni alikwenda kwa Bosi jioni moja na kumwambia yule mtoto wa Tukuyu mashine inamla masikio, mtoe nje, niweke mimi, mimi ni mkubwa. Basi. Ndiyo habari zangu zote alizozisema. Na alisimama pale, pale pale pangu, injini kushoto, mpaka gunia la mwisho.

"Nilikupa mchezo wa bibi yangu," Mama Sikitu akasema, "wewe ukaufanya kesi, ukahukumu."

Swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeniuliza ni kwa nini sikupanda basi kwenda Ilula kesho yake. Nilipanga kwenda. Nikapata nafasi chuo cha ualimu, nikasema likizo nitakwenda. Nikaolewa, nikasema nikishajifungua. Mara ngapi basi langu la kwenda Morogoro au Dar limesimama Ilula, akina mama wakakimbilia madirishani na ndoo za nyanya, nami nikavuta pazia nikajifanya nimelala? Nilikuwa naogopa kumwona, na nilikuwa naogopa zaidi kumwona akiniangalia kwa upole. Maana kilichoniuma si kwamba nilimkosea rafiki, watu hukosana. Kilichoniuma ni kwamba katika mwaka ule mzima mtu mmoja tu ndiye aliyeisikia shida ya sikio langu na kufanya kitu, na huyo ndiye niliyemwanika mbele ya sinia la maharage. Na hata kama ningekuwa na haki ya kumshuku, ningefikiri kidogo tu ningejua si kweli. Watu wa mashineni hatukuweza kunong'ona. Semeni angenisengenya, ningesikia mwenyewe.

Wiki mbili baada ya mazishi nilipanda basi, safari hii sikuvuta pazia. Nililala Iringa kwa mwanangu, asubuhi nikaendelea. Nilimtambua kwa urefu na kwa namna alivyokuwa amepanga nyanya, kila kopo la sado na kilele chake, hakuna hata moja iliyoteleza. Nikasimama kushoto kwake nikamsalimia kwa Kihehe changu kibovu, kamwene. Hakugeuka. Nikarudia. Malori yalikuwa yanashuka kwa breki, lakini tatizo halikuwa malori. Nikazunguka upande wa kulia, na hapo akanitazama, akanitazama, akasema, "Atu. Umekula?"

Tulikaa ndani ya kibanda chake, akanipa ugali na mlenda, akanisogeza nikae kulia kwake kwa sababu kushoto, alisema, hamna mtu, kuna mlio tu. Ulianza kidogo kidogo zamani, baada ya misimu mitano ya mashine, maana Bosi alimpenda kwa kazi na alimwita kila mwaka, halafu umri ukaja ukaongezea. Mitano. Mimi nilikuwa najua mmoja. Mlenda ukanikaa kooni kuliko kambale wa zamani. Nikamwambia nilimkosea, nikayafuta mbele za watu niliyomwambia mbele za watu, maana wateja wake walikuwa wamesimama pale na ilibidi nipaze sauti ili anisikie. Kila neno la kuomba msamaha nililisema kwa kelele zile zile nilizomtukania. Wateja wakainamia nyanya. Nikamwambia siku ile sikumwacha amalize.

"Sikuwa na mengi," akasema. "Nilikuwa nasema nilikwenda kwa Bosi nikamwambia akutoe, utakuwa kiziwi. Ndiyo ilikuwa yote." Akalamba kidole. "Tena nilitaka kukwambia maharage hayajaiva."

Nikacheka huku nalia, namna ya kizee isiyopendeza. Nikataka kumweleza habari ya daktari, gurudumu, na ile siku ya majina. Akanizuia kwa kiganja kilichonyooshwa, ile ishara yetu ya ngoja.

"Majina nayajua, Mama Sikitu aliniambia," akasema. "Na langu hili lilipoanza kulia, nikasema nami nijaribu. Nilikaa hapo mlangoni jioni moja. Wa kwanza nilikutaja wewe, maana nani mwingine angenisema? Halikunyamaza. Nikarudia, Atu, Atu. Likaendelea vile vile. Nikasema basi, huko aliko huyu hanisemi vibaya. Nikaingia ndani nikalala."

Habari ya mvua sikumweleza. Niliendelea kula mlenda wake, upande wa kulia, nikimshukuru Mungu kwamba jioni ile alipolitaja jina langu, mvua haikunyesha Ilula.